Foleni ya Sarafu: Ndani ya Mashine ya Kutenganisha Sarafu

Mimina sarafu za aina nane, zikiwa zimechanganyika, kwenye mdomo wa mashine ya kutenganisha. Muda si mrefu kila aina inakuwa kwenye kisanduku chake. Anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani kuna kitu ndani kinachosoma namba zilizochapwa juu ya sarafu. Katika mashine ya kimekanika hakuna kitu kama hicho. Haijui shilingi, haijui senti, wala haijui kipi kina thamani kuliko kipi. Inachofanya ni kuuliza kila sarafu swali lilelile mara kadhaa: hapa unapita, au hupiti?

Swali hilo ni jepesi. Kazi iko kwenye kuzifanya sarafu zije kuulizwa moja moja, zikiwa zimetulia, zimesimama mahali pamoja na zimeelekea upande mmoja. Wanaojaribu kuunda mashine hii kwa mbao, plastiki au kwa printa ya 3D wengi wao huanza na matundu ambamo sarafu huangukia, kwa sababu matundu ndiyo yanayoonekana kama akili ya mashine. Mimi ningeanza na foleni. Sarafu zikishapanga foleni vizuri, hata tundu lililokatwa bila ustadi mkubwa litafanya kazi yake. Zikija kwa fujo, hakuna tundu litakalokuokoa.

Kwa nini kipenyo

Sarafu ina sifa kadhaa unazoweza kupima: uzito, unene, kipenyo, aina ya metali, umbo la ukingo. Mashine za kimekanika karibu zote huchagua kipenyo, na zina sababu.

Uzito ni kipimo cha kale. Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza, alieleza chombo kilichotoa maji ya ibada baada ya sarafu kuangukia mkono wa wenzo na kuulemea. Lakini ili upime uzito kwa usahihi, kitu kinapaswa kutulia. Sarafu iliyoanguka sasa hivi kwenye mizani inaruka na kutikisika, na ukisubiri itulie umepoteza muda ambao sarafu nyingine kumi zingepita. Kipenyo hupimwa huku sarafu ikiwa mwendoni. Haihitaji kusimama, inatosha ipite kando ya kitu chenye urefu unaojulikana.

Unene nao unadanganya. Peni moja ya Uingereza ilikuwa ya shaba nyeusi hadi mwaka 1992, kisha ikaanza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba. Chuma ni chepesi kuliko shaba nyeusi, hivyo ili uzito ubaki gramu 3.56, unene uliongezwa kutoka milimita 1.52 hadi 1.65. Kipenyo hakikuguswa: milimita 20.3, kama zamani. Watengeneza sarafu wanaelewa kwamba maelfu ya mashine zimeundwa kwa kutegemea kipenyo hicho, na ndiyo maana wanapobadilisha metali hujitahidi kukiacha kama kilivyo.

Tazama sasa sarafu za euro. Kuanzia ndogo hadi kubwa, vipenyo vyake ni milimita 16.25, 18.75, 19.75, 21.25, 22.25, 23.25, 24.25 na 25.75. Tofauti ndogo kabisa kati ya sarafu mbili zinazofuatana ni milimita moja kamili. Angalia pia kwamba mfuatano huo haufuati thamani. Senti 10 ina milimita 19.75 na senti 5 ina 21.25, sarafu ya thamani kubwa ndiyo ndogo. Vivyo hivyo senti 50 ni kubwa kuliko euro moja. Kwa hiyo visanduku vya mashine havitapangika kwa thamani, na mtu asiyelijua hilo anaweza kufikiri mashine imekosea.

Ndogo kwanza

Njia ya kawaida katika mashine ndogo ni reli ya mteremko. Sarafu hubingirika kwa ukingo wake juu ya reli, huku imeegemea bamba lililo nyuma yake, nalo bamba limelazwa kidogo, tuseme digrii 25 kutoka wima. Kwenye bamba kuna madirisha, ndiyo yale matundu. Dirisha la kwanza ni fupi kwa kimo, la pili refu kidogo, na kuendelea hivyo hadi la mwisho.

Sarafu inapofika mbele ya dirisha, kinachoizuia isianguke nyuma ni kilele chake tu. Kama kilele kinafika juu ya ukingo wa juu wa dirisha, sarafu ina pa kuegemea na inaendelea na safari. Kama kilele kiko chini ya ukingo huo, hakuna kilichobaki cha kuishikilia. Inalala nyuma na kuingia ndani. Sarafu ndogo kuliko zote huanguka kwenye dirisha la kwanza, inayofuata kwenye la pili, na kubwa kuliko zote hufika mwisho wa reli bila kuanguka popote, kwa hiyo haihitaji hata dirisha.

Lazima dirisha dogo litangulie. Ukianza na kubwa, kila kitu kitaangukia humo. Hilo ni dhahiri. Lisilo dhahiri, na ambalo mimi naliona kuwa uzuri mkubwa wa mpangilio huu, ni kwamba makosa yake yana mwelekeo mmoja. Sarafu kubwa haiwezi kuingia dirisha lililo dogo kuliko yenyewe. Lakini sarafu ndogo inaweza kulipita dirisha lake, labda kwa kuwa ilikuwa na kasi mno au iliruka, na ikaangukia la mbele. Basi ukifungua visanduku ukakuta sarafu ya aina ya tatu katika kisanduku cha tano, unajua palipo na tatizo: dirisha la tatu na la nne yote yameiachia. Ukikuta kinyume chake, yaani kubwa kwenye kisanduku cha ndogo, usihangaike na kasi wala mteremko. Bamba limevunjika, dirisha limekatwa vibaya, au mtu aliweka kisanduku mahali pasipo pake.

Mwendo

Hapa fizikia ina zawadi. Duara bapa linalobingirika bila kuteleza hufikia kasi inayotegemea kimo lilichoshuka tu. Theluthi moja ya nishati yake huenda kwenye kuzunguka na theluthi mbili kwenye kusonga mbele, na ukifanya hesabu, uzito na kipenyo vyote viwili hujifuta. Sarafu ya gramu 2 na ya gramu 8 zikiachiwa kutoka kimo kimoja hushuka sambamba. Zikishuka sentimita 2, zinakuwa na mwendo wa takriban mita 0.5 kwa sekunde. Zikishuka sentimita 10, ni takriban mita 1.1 kwa sekunde. Msuguano hupunguza kidogo, na sarafu yenye tundu katikati huwa nyuma kidogo kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya metali yake iko mbali na kitovu. Ila kwa jumla, mbunifu hahitaji kuwaza kasi nane kwa sarafu nane. Anawaza moja.

Linganisha kasi hiyo na muda wa kuanguka. Ili sarafu yenye unene wa milimita 2 iingie dirishani, kilele chake kinapaswa kurudi nyuma angalau milimita hizo 2. Bamba likiwa limelala digrii 25, hesabu inatoa takriban sekunde 0.025. Sarafu inayokwenda mita 0.5 kwa sekunde husonga mbele milimita 12 au 13 katika muda huo. Inayokwenda mita 1.1 husonga milimita 28, yaani zaidi ya kipenyo chake chenyewe. Dirisha fupi kwa urefu wa njia litaachwa nyuma kabla sarafu haijamaliza kulala. Na hesabu hiyo imemhurumia mbunifu, kwa sababu kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kulala. Mtoto anayekimbiza ringi analijua hilo: ringi ikienda kasi husimama, ikipoteza mwendo huyumba na kuanguka. Sarafu ya kasi nayo hujishikilia hivyohivyo.

Kwa hiyo mteremko uwe mdogo. Ukiwa mdogo mno, nalo ni tatizo, kwa kuwa sarafu yenye uchafu au iliyopinda kidogo itasimama njiani na kuziba njia. Bamba la nyuma husuguana na sarafu muda wote, ndiyo maana mabamba mazuri huwa na mbavu nyembamba zilizoinuka, zikifuata mwelekeo wa njia. Sarafu hugusa mbavu tu badala ya uso wote wa bamba, na yenye mafuta au unyevu haipati pa kunata.

Kuna adui mwingine ambaye wengi hawamwoni: kuruka. Sarafu ikidondokea reli kutoka juu, hata sentimita mbili tu, inadunda. Ikiwa hewani nusu milimita wakati inapita dirishani, basi kwa mashine hiyo ni sarafu kubwa zaidi ya ilivyo kwa nusu milimita. Kati ya mdomo wa kuingilia na dirisha la kwanza panatakiwa kipande cha reli tupu, kisicho na dirisha, kazi yake ikiwa ni kuiacha sarafu itulie. Anayetaka mashine yake iwe fupi hukikata kipande hicho kwanza, na hapo ndipo anapoanza kushangaa kwa nini sarafu zinachanganyika.

Nusu milimita

Chukua sarafu mbili zenye vipenyo vya milimita 22.25 na 23.25. Dirisha linalozitenganisha litakuwa na kimo cha kati, kitu kama milimita 22.75. (Bamba limelala na reli ina upana wake, kwa hiyo kipimo halisi cha kukata husogezwa kidogo, ila wazo ni hilo.) Kila upande una nafasi ya nusu milimita. Inaonekana inatosha, hadi uanze kuhesabu wanaoila. Printa ya 3D ya kawaida inaweza kukosea milimita 0.2. Bamba lililopinda kidogo linaongeza lake. Reli iliyolika inaongeza jingine. Uchafu ulioganda kwenye ukingo wa sarafu, na sarafu yenyewe iliyochakaa au kugongwa ikapata kinundu. Makosa haya hujumlishana, na siku yakiangukia upande mmoja yote kwa pamoja, nusu milimita imekwisha.

Dawa yake ni kupima kila kitu kutoka ukingo mmoja. Uso wa juu wa reli unakuwa sifuri, na kimo cha kila dirisha kinahesabiwa kutoka hapo, si kutoka dirisha lililotangulia. Ukipima dirisha la pili kutoka la kwanza na la tatu kutoka la pili, kosa dogo la mwanzo litakuwa limerithiwa na kukua hadi la mwisho. Heri reli na bamba zima vikatwe katika kipande kimoja, au vifungwe kwa pini zisizoacha nafasi ya kucheza, kuliko kuunganisha vipande vinane vilivyo vizuri kila kimoja peke yake.

Sarafu zisizo za mviringo zinaongeza jambo la kuvutia. Peni 50 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1969, na peni 20, iliyofuata mwaka 1982, zina pande saba. Unaweza kudhani zingeivuruga reli kabisa. Hazivurugi, kwa sababu pande zake si mistari iliyonyooka. Kila upande ni kipande cha duara ambalo kitovu chake kiko kwenye pembe ya mkabala. Umbo hilo lina upana ule ule ukilipima kutoka upande wowote. Kwa peni 50 ni milimita 27.3, iwe imesimama kwa pembe au kwa upande. Pauni moja mpya ya mwaka 2017 yenye pande 12 haiko hivyo: kutoka pembe hadi pembe ni milimita 23.43, na kutoka upande hadi upande ni 23.03. Kwa sarafu kama hiyo mbunifu amenyang'anywa milimita 0.4 kabla hajaanza kazi.

Kuzipanga foleni

Rundo la sarafu halitiririki kama mtama. Sarafu ni bapa; zinalaliana, zinashikamana, na kwenye shingo ya faneli hujenga tao linalojibeba lenyewe. Unaona faneli imejaa na chini hakuna kinachotoka. Ukisukuma kwa juu, tao linakaza zaidi. Ni sharti tao livunjwe kutoka chini, kwa mtikisiko au kwa kitu kinachozunguka.

Kifaa kilichodumu zaidi ni diski iliyolazwa mshazari, yenye vifuko kuzunguka ukingo wake. Rundo linakaa chini, diski inazunguka na kupita ndani ya rundo, kila kifuko kinabeba sarafu na kupanda nayo. Zilizodandia bila kukaa vizuri huporomoka zenyewe njiani kwa sababu ya mteremko. Kileleni sarafu inasukumwa nje na kuingia relini. Uzuri wake ni kwamba haijali rundo ni kubwa au dogo.

Vipimo vya kifuko ndivyo vinavyoamua kila kitu. Kipenyo chake kiipokee sarafu kubwa kuliko zote. Je, sarafu mbili ndogo zinaweza kukaa humo kwa pamoja? Kwa euro, mbili ndogo zikiwekwa bega kwa bega zinachukua milimita 32.5, na kubwa kuliko zote ni 25.75, haziingii. Hatari ni kupandana. Kina cha kifuko kikikaribia unene wa sarafu nyembamba kuliko zote, ile ya juu inakosa ukuta wa kuishikilia na inateleza. Bado zitapita chache zilizobebana, hivyo mbele yake huwekwa lango la kimo. Sarafu nene ya euro ina milimita 2.38, na nyembamba mbili zikibebana ni 3.34. Lango lenye uwazi wa milimita 2.8 hivi linaruhusu kila sarafu ya pekee na kukataa kila jozi. Kwa Marekani, nyembamba ni ile ya senti 10, milimita 1.35; mbili ni 2.70, na nusu dola ina 2.15. Nafasi ipo, lakini ni finyu zaidi.

Lango hilo halifai kuwa ukuta mgumu. Sarafu mbili zilizobebana zikigonga ukuta huku mota inasukuma, zinakuwa kabari: kadiri mota inavyoongeza nguvu ndivyo zinavyojikaza. Afadhali brashi, au ulimi wa mpira wenye springi, unaoipangusa ya juu irudi kwenye rundo. Na mota yenyewe iwe na njia ya kukubali kushindwa, ama klachi inayoteleza mzigo ukizidi, ama saketi inayohisi umeme umepanda ikageuza mzunguko kwa nusu duara kisha ikajaribu tena. Mashine isiyoweza kurudi nyuma itavunja gia yake siku itakapokutana na kifungo cha shati.

Diski badala ya mteremko

Reli ina kikomo chake, kwa kuwa mvuto wa dunia hauongezwi. Wanaohesabu sarafu nyingi hutumia diski inayozunguka chini ya kichwa kisichosogea. Diski ina uso laini unaobonyea, na kichwa kimechongwa mifereji upande wa chini. Sarafu zinamiminwa katikati na mzunguko unazitupa nje. Diski ikizunguka mara 300 kwa dakika, sarafu iliyo sentimita 10 kutoka kitovu inahitaji kani karibu mara 10 ya uzito wake ili iendelee kuzunguka nayo. Asipokuwepo wa kuishika hivyo, inakimbilia nje.

Mfereji wa kwanza unazipokea na kuzikagua: zilizobebana hurudishwa katikati. Kisha sarafu zote zinalazimishwa kugusa ukuta mmoja, ukingo mmoja wa kila sarafu ukiwa kwenye duara moja. Ndiyo ile sifuri ya reli, imekunjwa tu ikawa mviringo. Ukingo wa pili ndio unaotofautiana kulingana na kipenyo, na milango ya kutokea imechongwa kwa kufuata tofauti hiyo. Uso laini wa diski unaibana sarafu dhidi ya kichwa, kwa hiyo haidundi. Adui aliyetusumbua kwenye reli amefungwa mikono, na ndiyo maana mashine hizi zinaweza kwenda kwa maelfu ya sarafu kwa dakika.

Mahali ambapo kipenyo kinashindwa ni kwenye sarafu ngeni. Baht 10 za Thailand zina milimita 26 na gramu 8.5; euro 2 ina milimita 25.75 na gramu 8.5, na zote mbili zina metali mbili, ya nje na ya ndani. Robo milimita haikamatwi na dirisha lolote la reli. Hapo huongezwa koili ndogo, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, kando ya njia. Sarafu ikipita kwenye uga wa sumaku unaobadilikabadilika, mikondo ya umeme huzuka ndani yake, na nguvu ya mikondo hiyo hutegemea metali. Koili inasoma tofauti na kuamuru kikofi kiisukume nje iliyo ngeni.

Koili au jicho la mwanga pia ndilo linalohesabu, na kuhesabu kunaleta ugumu wa mwisho. Tuseme mfuko mmoja unatakiwa uwe na sarafu 1,000, si 1,001. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, sarafu iliyo sentimita 10 kutoka kitovu inakwenda zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Breki ikichukua sehemu ya kumi ya sekunde kusimamisha diski, sarafu imeshasafiri sentimita 15 hivi, na nyuma yake zipo nyingine zilizobanana. Ndiyo maana kihisi hakikai mlangoni. Kinakaa kabla ya mlango, na kwenye shafti kuna kifaa kinachofuatilia pembe ya diski, ili mashine ijue kila wakati sarafu iliyohesabiwa imefika wapi. Hesabu ikikaribia kujaa, diski hupunguzwa mwendo mapema. Sarafu ya 1,000 inaingia mfukoni polepole, breki inabana, na ya 1,001 inabaki imebanwa ndani ya mfereji ikisubiri mfuko mwingine uwekwe.